Vizinga vya kupandishia malkia: kwa nini nyuki wetu wanahama, na kalenda inayofaa Arusha na Moshi

#1 Mgunga (Usa River)

Wadau wa nyuki, habari za jioni. Naomba uzi huu tuuweke kwa jambo moja tu: vizinga vidogo vya kupandishia malkia, yaani vya kumweka malkia bikira mpaka apandwe na madume na aanze kutaga.

Nazungumzia vile vya Ulaya, vya plastiki au povu gumu, vyenye vifremu vitatu au vinne vya ukubwa wa kiganja. Maelekezo yake ni kumimina kikombe cha nyuki, mililita 300 hivi, kubandika chumba cha malkia (kijumba cha nta anamokua malkia) kilichoiva, kufunga siku tatu mahali pa giza na baridi, kisha kufungua jioni. Wanasema baada ya wiki mbili unakuta mayai. Huku kwetu malkia anatoka salama, unamwona kabisa, lakini karibu wiki moja baadaye kizinga ni kitupu. Chakula kimebaki. Hakuna mizoga, hakuna siafu.

Maswali yangu ni haya. Tatizo ni kizinga, nyuki au kalenda? Kizinga cha chini kabisa kinachofaa kwa nyuki wetu kiwe na ukubwa gani? Na chumba cha malkia kipelekwe siku ya ngapi? Vitabu vingi vinahesabu kwa nyuki wa Ulaya.

Nawaomba pia tusijibizane kwa "nunua mizinga ya kisasa".

#2 Nta_na_Gundi (Moshi mjini)

Nimevuta kigoda. Ngoja waje.

#3 Majana (Ngaramtoni)

Mkuu Mgunga, hapo penye "chakula kimebaki, hakuna mizoga" umeshajijibu nusu. Hawajafa wala hawajaibiwa, wamehama na malkia wao. Wiki moja baada ya kutoka chumbani ndipo malkia bikira anapoanza kuruka kwenda kupandwa. Anatoka, na kwa kuwa ndani hakuna kinachowabakisha, kundi zima linamfuata na halirudi.

Vizinga hivyo vimebuniwa kwa nyuki wa Ulaya, ambaye hata ukimpa nyumba mbovu anang'ang'ania. Scutellata wetu wa nyanda za chini (aina ya nyuki wa huku Afrika) yeye kuhama ni silika. Maua yakikatika anahama, siafu wakimsumbua anahama, jua likipiga bati mchana kutwa anahama. Kinachomfunga ni majana (watoto wa nyuki masegani), hasa majana wazi, yasiyofunikwa kwa nta, yanayosubiri kulishwa. Sasa kizinga chako kina nyuki na sukari tu. Aage nini?

Ukubwa wa chini ninaoushauri kwa huku ni fremu tatu za saizi kamili ya Langstroth (mzinga wa sanduku wenye fremu za kuchomoa), zipangwe hivi:

Fremu ya kwanza ni ya majana yaliyofunikwa yanayokaribia kutoka, na pembeni yake yawepo majana wazi kidogo. Yaliyofunikwa yanakuongezea vibarua wachanga ndani ya siku chache, na yaliyo wazi ndiyo nanga. Fremu ya pili iwe na asali na chavua, si asali peke yake. Ya tatu iwe sega tupu lililokwisha kujengwa, ili malkia akirudi apate pa kutagia mara moja. Ukimpa fremu yenye karatasi ya nta tupu, kundi dogo halina nguvu ya kujenga, na malkia aliyepandwa asiye na pa kutagia naye ni mgeni wa njiani.

Nyuki: waliokaa kwenye fremu hizo, halafu ongeza wa kukung'utwa kutoka fremu mbili nyingine za majana. Usione kuwa ni wengi. Wazee waliokwisha kuzoea kutoka wote watarudi kwa mama yao siku ya kwanza, na utabaki na nusu. Wachanga ndio wanaobaki, na wachanga wanapatikana kwenye sega la majana, si kwenye asali. Kabla ya kukung'uta hakikisha umemwona malkia mama na kumweka pembeni. Ukimkung'uta kizingani bila kujua, umeharibu mizinga miwili kwa mpigo.

Kama unaweza kuvihamishia vizinga umbali wa kilomita tatu au zaidi, hamisha jioni hiyohiyo. Kama huwezi, funga mlango kwa wavu siku mbili au tatu, weka kivulini, nyunyizia maji kwenye wavu asubuhi na jioni.

#4 Kibosho_Juu (Kibosho)

Nakubaliana na Majana kuhusu nanga, lakini siyo kwamba kizinga kidogo hakiwezekani kabisa. Vifremu vidogo vinaweza kuwekewa majana kwanza: unaunga viwili au vitatu kwa waya mpaka vitoshe ndani ya fremu kubwa, unaviweka katikati ya mzinga wenye nguvu, malkia wa mzinga huo anavitagia, halafu ndipo unavihamisha na majana yake. Hapo hata kizinga kidogo kinatulia.

Shida ya pili ya kizinga kidogo, hasa huku juu mlimani, ni baridi. Majana na chumba cha malkia vinataka nyuzijoto 34 hadi 35. Kikombe kimoja cha nyuki usiku wa Julai hakiwezi kushika joto hilo. Malkia anachelewa kutoka, au anatoka na mabawa yaliyojikunja.

#5 Majana (Ngaramtoni)

Kweli dada, njia hiyo ipo na inafanya kazi. Ila inamfaa mtu anayetoa malkia kila wiki. Anayetaka malkia kumi kwa mwaka atapoteza muda kuunga vifremu wakati fremu kubwa zipo. Faida nyingine ya fremu kamili: malkia akishindwa, unachukua fremu zako unarudisha mzinga wowote. Vifremu vidogo havirudi popote.

#6 Fundi_Njiro (Njiro, Arusha)

Kwa upande wa mbao. Huna haja ya kutengeneza visanduku vipya. Chukua sanduku la kawaida la Langstroth la fremu kumi. Ndani lina urefu wa milimita 465 na upana wa 373. Ligawe mara tatu kwa plaiwudi mbili za milimita 6. Kila chumba kinabaki na upana wa 120 hivi. Fremu tatu za milimita 35 zinakula 105, zinabaki 15 za kuchezea vidole. Makundi matatu yanapashana joto kupitia plaiwudi, na hilo linamsaidia hata aliye Kibosho.

Mambo ya kuangalia:

Plaiwudi iguse sakafu kabisa na ifike usawa wa mdomo wa sanduku juu. Malkia bikira ni mwembamba kuliko aliyepandwa na anapenya penye mwanya ambao kwa macho unauona si kitu. Malkia wawili wakikutana, unabaki na mmoja, na huenda naye amejeruhiwa. Ziba pembe zote kwa nta ya moto au gundi ya nyuki.

Kila chumba kiwe na kifuniko chake cha ndani. Kipande cha turubai kizito kinatosha. Ukifungua sanduku lote kwa mara moja, nyuki wa vyumba vitatu wanakutana juu na vita inaanza.

Milango: tundu la milimita 20 tu kwa kila chumba, la kushoto litoke ubavu wa kushoto, la katikati litoke mbele, la kulia litoke ubavu wa kulia. Usiweke mawili upande mmoja. Paka rangi tofauti kuzunguka kila tundu: buluu, njano, nyeupe. Nyekundu haisaidii, nyuki haioni. Malkia anaporudi kutoka angani ana nafasi moja ya kuingia mlango ulio sahihi.

Wenye mizinga ya viunzi vya juu nao wasikate tamaa. Tengeneza kizinga cha viunzi vitano, kila kiunzi milimita 32 au 33, na mbavu ziwe na mteremko uleule wa mzinga mkubwa, ili sega liingie bila kukatwa. Wengi wanatengeneza kizinga kizuri halafu mteremko unatofautiana, na sega linagusa mbavu.

#7 Mgunga (Usa River)

Asanteni sana. Fundi, hiyo ya kugawa sanduku imenifaa. Sasa kalenda.

#8 Majana (Ngaramtoni)

Kalenda ndiyo inayowamaliza wengi. Kwa nyuki wa Ulaya malkia anatoka siku ya 16 tangu yai litagwe, na kibarua siku ya 21. Wetu wana haraka: malkia mara nyingi siku ya 15, wakati mwingine saa kadhaa kabla, na kibarua siku ya 19 au 20. Dume hana haraka popote, ni siku 24 hivi. Siku moja inaonekana ndogo, lakini malkia wa kwanza kutoka anatoboa vyumba vyote vilivyobaki ndani ya saa chache. Ukichelewa siku moja unapoteza kazi yote.

Hesabu yangu inaanzia siku ya kuhamisha majana, yaani siku unapochota jana na kuliweka kwenye kikombe kidogo ambacho nyuki watakijenga kiwe chumba cha malkia. Yai linaanguliwa baada ya siku tatu. Jana linalofaa lina umri wa saa 12 hadi 24, bado halijazidi ukubwa wa yai lenyewe, limejikunja nusu duara na linaelea kwenye maziwa (chakula cheupe wanacholilisha vibarua). Likiwa kubwa kiasi cha kuonekana bila kulitafuta, limepitiliza. Malkia atapatikana, lakini mwenye ovari duni.

Siku 4 kabla: mfungie malkia mama unayemtaka kwenye sega tupu kwa wavu, atage hapo tu. Siku inayofuata mwachie. Utakuwa na majana ya umri mmoja, huna haja ya kukisia.

Siku 0: hamisha majana.

Siku ya 1: tazama vilivyopokelewa. Kikombe kilichokubaliwa kina ukingo wa nta mpya na maziwa meupe ndani. Kilicholambwa kikawa kikavu kimekataliwa.

Siku ya 4 au 5: vyumba vinafunikwa. Kuanzia hapa usikung'ute fremu, usiilaze, usiigeuze. Ndani malkia anabadilika, na mtikisiko unampotoshea mabawa na miguu.

Siku ya 8: vika kila chumba kizimba chake, au andaa vizinga.

Siku ya 9: peleka chumba kwenye kizinga. Hiyo ndiyo siku yetu. Maandishi ya Ulaya yanasema ya 10 au 11. Kwetu ukisubiri ya 11 utakuta bibi harusi keshatoka na wenzake wamekufa.

Vizinga viundwe siku ya 8, saa 24 kabla, ili nyuki wajue hawana malkia. Usiviunde wiki nzima kabla, wataanza vyumba vyao vya dharura kutoka kwa majana yale ya nanga. Kwa saa 24 wanakuwa ndiyo kwanza wameanza, na malkia wako akitoka siku ya pili anavimaliza mwenyewe.

#9 Mlango_Mdogo (Himo)

Naomba kueleweshwa, hapo kwenye kuhamisha majana. Macho yangu si ya kuona jana la saa 12. Na sindano za kuhamishia hapa Himo hazipo.

#10 Kibosho_Juu (Kibosho)

Kaka, hulazimiki. Kuna njia ya sega lililokatwa. Chukua fremu yenye vipande vya karatasi ya nta vya umbo la pembetatu, ncha zikielekea chini. Weka katikati ya mzinga wa malkia mama. Baada ya siku sita au saba nyuki wamejenga, malkia ametaga, na kwenye kingo za chini kuna mayai na majana madogo. Toa, kata ukingo kwa kisu cha moto mpaka ufikie mstari wa majana machanga kabisa, kisha haribu majana mawili kati ya kila matatu kwenye ukingo huo ili vyumba visiungane. Ipe koloni isiyo na malkia wala majana machanga ya kwake. Watajenga vyumba vikining'inia kwenye ukingo. Siku ya 9 unavikata kwa kisu chembamba, kila kimoja na kipande cha sega cha kushikia, na unakipachika katikati ya fremu za kizinga.

Hesabu inabaki ileile, ila ongeza siku moja ya tahadhari upande wa mapema, kwa sababu umri wa majana haulingani. Ukiona ncha ya chumba imekuwa nyembamba ya kahawia na nta ya nje imekwanguliwa, malkia yumo karibu kutoka. Peleka leo, usisubiri kesho.

Kama unataka kuhamisha kwa mkono, kalamu ya Kichina yenye ulimi wa pembe ndiyo rahisi kwa anayeanza: ulimi unateleza chini ya jana na kulibeba pamoja na maziwa yake. Jana likigeuzwa upande wa pili linazama na kufa, maana linapumulia upande ulio juu. Ukiona limegeuka, liache, chukua jingine. Fanya kazi hiyo ndani, mahali pasipo upepo, na kitambaa chenye unyevu juu ya vikombe. Jana linakauka kwa dakika chache.

#11 Majana (Ngaramtoni)

Naongezea kuhusu koloni ya kulea, yaani mzinga unaopewa vikombe vyenye majana, kwa sababu hata jana zuri kwenye koloni mbovu linatoa malkia mbovu.

Chagua mzinga wenye nguvu, nyuki wamejaa mpaka fremu za pembeni. Mtoe malkia na fremu moja au mbili, mpe kisanduku chake. Toa pia fremu zote zenye mayai na majana machanga, wape mizinga mingine. Bakisha majana yaliyofunikwa na chavua nyingi. Kuanzia siku mbili kabla, wape kila jioni nusu lita ya maji ya sukari, kilo moja kwa lita moja, ndani ya mzinga, usimwage nje hata tone. Baada ya saa kadhaa bila malkia utawasikia: mlio unabadilika. Ndipo uweke fremu ya vikombe, katikati, chavua iwe jirani.

Vikombe viwe 12 hadi 15. Kwenye video za Marekani wanaweka 45 na zaidi, wana koloni za sanduku mbili na tatu. Ukiweka 45 kwenye koloni yetu, maziwa yanagawanywa na unapata malkia wadogo ambao nyuki wenyewe watawakataa baadaye.

Na jambo ambalo watu husahau: siku ya kuhamisha, na tena siku ya 5, kagua kila fremu ya koloni hiyo. Nyuki wanaweza kuwa wameficha chumba cha dharura kwenye kona, kutoka kwa jana lililokuwa na siku mbili. Huyo atatoka kabla ya wako na atawatoboa wote. Kwenye kukagua, fagia nyuki kwa unyoya, usikung'ute.

#12 Nta_na_Gundi (Moshi mjini)

Hapo kwenye malkia kupenya: je, wavu wa kumzuia malkia unafaa kuwekwa mlangoni mwa kizinga ili wasihame?

#13 Fundi_Njiro (Njiro, Arusha)

Hapana mkuu, malkia bikira lazima atoke kwenda kupandwa. Ukimzuia zaidi ya wiki tatu au nne, anaanza kutaga mayai yasiyorutubishwa, na hayo yanatoa madume tupu. Hizo wavu zenyewe zimetengenezwa kwa kifua cha malkia wa Ulaya. Wetu ni mdogo, na bikira wa kwetu wakati mwingine anapita.

Historia ya wavu huo ina funzo lake. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka Brazili malkia kutoka Afrika ya Kusini, na mwingine mmoja kutoka Tabora hapa kwetu. Mwaka uliofuata mtu alitoa wavu milangoni, makundi 26 yakaondoka na malkia wao, na nyuki hao wakaenea mabara yote mawili ya Amerika. Ukitaka kujua nyuki wetu wanavyohama, waulize Wabrazili.

#14 Mgunga (Usa River)

😂 Kumbe malkia wa Tabora alifika mbali.

Vipi kuhusu madume? Nimechagua mama mpole, asiyehama, anajaza asali. Nawezaje kuhakikisha binti zake wanapandwa na madume wazuri?

#15 Kibosho_Juu (Kibosho)

Kwa ukweli huwezi kuhakikisha, na atakayekwambia kuwa anaweza anakuuzia kitu. Malkia anapandwa angani, mbali na mzinga, kwenye maeneo ambayo madume wa mizinga mingi hukusanyika. Anapandwa na madume kumi hadi ishirini, katika safari moja au chache. Huku miteremko ya Kilimanjaro na Meru kila mti mkubwa wenye pango una nyuki, na mizinga ya magogo imetundikwa kila mahali. Madume wa porini ni wengi kuliko wa kwako.

Unachoweza ni kuongeza uwiano. Kwenye mizinga yako minne au mitano bora, isiyo ya mama huyohuyo, weka fremu moja isiyo na karatasi ya nta pembeni mwa majana. Wataijenga kwa matundu makubwa ya madume. Hesabu muda: dume siku 24 tangu yai, kisha karibu siku 12 za kukomaa. Kwa hiyo fremu ya madume iwekwe wiki sita kabla ya siku ya kupandwa, yaani karibu mwezi kabla ya kuhamisha majana. Ukikuta madume waliofunikwa wengi kwenye mizinga, hiyo ndiyo ruhusa ya kuanza.

Sharti la pili, mama asiwe mmoja. Ukiwa na mabinti wa malkia mmoja na madume wa ukoo wake, utaanza kuona sega la majana lenye matobo-matobo, hata kama malkia anataga vizuri. Baadhi ya mayai yaliyorutubishwa kwa damu moja huzaa madume ambao vibarua huwala wakiwa majana. Chukua mama watatu angalau, na kila msimu ongeza bumba la kutoka mbali.

Majira nayo yana sauti. Malkia anataka mchana wenye jua, nyuzijoto 20 au zaidi na upepo mdogo, kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni. Huku juu Juni hadi Agosti wingu linaweza kukaa wiki nzima bila kuachia jua. Malkia anazeeka akiwa bikira. Masika ya Aprili nayo mvua inagonga mchana. Nafasi nzuri ni maua yakiwa yameanza na mvua imetulia: mkahawa, parachichi, mgrivilea, na migunga kwa walio tambarare.

#16 Mlango_Mdogo (Himo)

Na baada ya kuweka chumba kizingani, unakagua lini? Mkono unawasha.

#17 Majana (Ngaramtoni)

Mkono uwashe, ufunge kamba.

Siku mbili baada ya kuweka chumba, fungua jioni, haraka, utazame chumba tu. Chumba kilichofunguka kwa duara safi kwenye ncha, kifuniko kikining'inia kama mlango, malkia ametoka vizuri. Chumba kilichotobolewa ubavuni kimeuawa: kulikuwa na malkia mwingine, au nyuki wamekikataa. Ili wasikikatae, zungushia ubavu wake karatasi ya foili, ukiacha ncha wazi. Nyuki wanaharibu chumba kutokea ubavuni, ncha hawaigusi.

Baada ya hapo usiguse kwa siku 14. Hasa usifungue kati ya saa sita na saa kumi na moja jioni. Malkia anayerudi akakuta kizinga kiko wazi, harufu imetawanyika na moshi umejaa, anaingia mlango wa jirani na kuuawa. Moshi wenyewe uwe mdogo. Nyuki wetu wakizidishiwa moshi wanakimbia kwenye sega na kuning'inia chini kama kamba, na kizinga kidogo kinaweza kumwagika chote nje. Fungua saa kumi na mbili jioni, na kama giza limeingia tumia tochi yenye karatasi nyekundu.

Siku ya 14 tafuta mayai, si malkia. Yai moja kwa kila tundu, limesimama chini katikati, umemaliza. Mayai mawili matatu kwenye tundu moja, yamelala kwenye kuta, hao ni vibarua wanaotaga, na nyuki wetu hufikia hali hiyo upesi kuliko wa Ulaya. Lakini usihukumu siku ya kwanza, malkia mpya naye hujaza mawili kwa siku chache kabla ya kutulia. Tazama alikoyaweka: malkia ana tumbo refu, anayafikisha chini kabisa. Subiri majana yafunikwe: kifuniko bapa ni kibarua, kifuniko kilichovimba kama kofia kwenye tundu dogo ni dume. Madume tupu, muue malkia huyo na unganisha nyuki na kundi jingine.

Hakuna mayai siku ya 14? Mpe fremu yenye majana wazi kutoka mzinga mwingine. Inawashika wasihame, inazuia vibarua kutaga, na inakupa jibu: wakianza vyumba vya dharura ndani ya siku mbili, malkia hayupo. Wasipoanza, yupo na bado hajatulia. Mpe wiki moja.

#18 Nta_na_Gundi (Moshi mjini)

Wadudu hamjawagusa.

#19 Fundi_Njiro (Njiro, Arusha)

Siafu ndiye wa kwanza. Wanakuja usiku, hasa mvua zinapoanza, na kizinga cha fremu tatu hakina jeshi la kupigana nao. Weka stendi yenye miguu ndani ya makopo ya oili chafu, au ning'iniza kwa waya wenye grisi. Kopo likijaa maji ya mvua siafu wanavuka, na jani moja lililoegemea mguu ni daraja. Fyeka mita moja kuzunguka.

Mende wa mzinga na nondo wa nta wanaingia penye sega lisilo na nyuki. Usiweke fremu ya nne "ya akiba". Kila sega lifunikwe na nyuki, basi. Keremkerem (ndege wanaokula nyuki) nao wakitua kwenye waya karibu na vizinga mchana, utapoteza malkia angani. Hamisha vizinga karibu na miti, si uwanja wazi.

Kulisha: tumia donge la sukari ya unga na asali, kilo moja kwa gramu 250, na asali iwe ya mzinga wako mwenyewe, maana asali ya dukani inaweza kubeba magonjwa ya majana. Maji ya sukari kwenye kizinga kidogo yanaita wezi, yaani nyuki wa mizinga mingine. Wizi ukianza, punguza mlango mpaka nyuki mmoja tu apite, na funika sanduku kwa gunia lenye maji.

Anayetaka kuona kwa macho, pale Njiro kuna kituo cha TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania) kinachoshughulika na utafiti wa nyuki. Nenda uulize.

#20 Mgunga (Usa River)

Swali la mwisho. Malkia amepandwa, anataga vizuri kwenye kizinga. Namhamishiaje mzinga mkubwa bila kuuawa? Vizimba vya malkia vimekuwa vikirudisha maiti.

#21 Kibosho_Juu (Kibosho)

Usimtoe. Subiri mpaka atage wiki tatu hivi, mabinti zake waanze kutoka. Mpe alama mgongoni kama unataka kujua umri wake. Rangi za kimataifa hufuata tarakimu ya mwisho ya mwaka: 1 na 6 nyeupe, 2 na 7 njano, 3 na 8 nyekundu, 4 na 9 kijani, 5 na 0 buluu.

Kisha muue malkia mzee wa mzinga mkubwa mchana. Jioni tandaza karatasi moja ya gazeti juu ya fremu zake, itoboe matundu machache kwa msumari, weka juu sanduku tupu, na ndani yake hamishia fremu tatu za kizinga kama zilivyo, malkia akiwa katikati ya majana yake na nyuki wake. Jaza nafasi zilizobaki kwa fremu. Funika. Baada ya siku mbili tatu utakuta vumbi la gazeti mlangoni. Usifungue mpaka wiki ipite, halafu kagua chini kama kuna vyumba vya dharura, uviharibu.

Kizimba kinamtenga malkia na watu wake, ananuka ugeni. Kwa gazeti anaingia na ukoo mzima.

#22 Majana (Ngaramtoni)

Ila gazeti liwe karatasi moja. Ukiweka mbili kwenye joto la Himo, wa juu wanakosa hewa kabla hawajatafuna. Na mzinga wa chini uwe na chakula siku hiyo. Wenye njaa hawapokei mgeni.